Unataka kuchora kifaru cha jeshi? Binti wa Bukoba alivyofundishwa na babu yake aliyewahi kukiendesha

Ukiingia YouTube ukatafuta namna ya kuchora kifaru utapata video kibao. Nyingi ni zile zile: boksi chini, boksi dogo juu, bomba mbele, magurudumu yamepangwa kama vizibo vya soda, unaweka kijani, kazi kwisha. Mtoto wa darasa la tatu akifuata atapata kitu kinachoitwa kifaru na atafurahi, wala hakuna ubaya. Kasheshe inaanza pale unapotaka kifaru chako kionekane ni chuma cha kweli, tani 36, yaani mtu akiangalia mchoro ahisi meza itavunjika. Hapo boksi na bomba havikusaidii tena, na wengi wanaoanza huishia hapo hapo, wanarudi kuchora maua.

Kuna binti mmoja pale Bukoba, miaka 23, anaishi kwa mkono wake. Anachora mabango ya saluni, anaandika majina kwenye mitumbwi, na ukimpelekea picha ya mzazi wako anakuchorea kwa penseli mpaka unamuona mzee anapumua. Nyuso anaziweza ile mbaya. Vitu vya chuma hakuwahi kuvigusa. Sasa siku moja babu yake mzaa mama akamwambia, "Mchumba, nichoree kifaru."

Binti akacheka. Kichwani alimuona yule mnyama wa kwenye noti ya elfu tano.

"Cha jeshi," mzee akasema. "Kile changu."

Hapa lazima turudi nyuma kidogo. Mwishoni mwa mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, yakavunja daraja la Kyaka, na Novemba mosi Amin akatangaza kwamba eneo lote la kaskazini ya mto ni la Uganda. Tanzania ikajibu, na Aprili 1979 Kampala ikawa imeanguka. Mzee huyu alikuwa dereva wa kifaru katika vita hiyo, kijana wa miaka ishirini na ushee. Alirudi na mafao yake, na masikio mabovu. Picha hakurudi nayo hata moja. Enzi hizo askari hakuwa na simu ya kujipiga selfi juu ya mzinga, bwana. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka arobaini kifaru chake kimekuwa kichwani mwake tu.

Na kichwa si tatizo, tatizo ni macho. Mzee ana presha ya macho. Wanaoujua ugonjwa huu wanajua haufanani na mtoto wa jicho ambao daktari anautoa ukaona tena. Huu unakula pembeni kwanza, taratibu, mtu anabaki anaona katikati tu kama anayechungulia kwenye bomba, na kilichokwisha kuliwa hakirudi. Dawa ya matone inalinda kilichobaki, basi. Mzee alikuwa anajihesabia mwenyewe. Alitaka mchoro uwe tayari kabla ya tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, siku ambayo kila mwaka akili yake huwa iko Kaboya, kule Muleba, walikozikwa wenzake wengi.

Binti akafanya kama ambavyo yeyote angefanya. Akaingia mtandaoni, akapata picha kali, akakaa nayo siku mbili, akatoka na mchoro safi kabisa. Akaenda kwa babu. "Shikamoo babu." "Marahaba." Mzee akaishika ile karatasi, akaisogeza kushoto, akaisogeza kulia, maana hawezi kuiona yote kwa mara moja, anaisoma kipande kwa kipande. Akahesabu magurudumu kwa kidole. Saba.

"Hiki cha nani?"

Kilikuwa Abrams, cha Wamarekani. Kilianza kutumika mwaka 1980, vita ya Kagera ilikuwa imekwisha mwaka mmoja kabla. Huo ndio mtego wa kwanza kwa anayeanza, na ni bora usemwe wazi: hakuna kitu kinachoitwa kifaru tu, kama ambavyo hakuna gari tu. Kuna Corolla na kuna Fuso. Chagua kifaru kimoja, kijue jina, ndipo ushike penseli. Cha mzee kilikuwa cha Kichina, nakala ya T-54 ya Warusi. Kina magurudumu matano kila upande, kichwa cha mviringo kama bakuli lililofunikwa, mzinga wa milimita 100. Abrams ni kama kabati limelala. T-54 ni kama kobe. Ukichanganya hivyo viwili unapata kitu cha katuni.

Mchoro wa pili nao ukakataliwa, safari hii kwa sababu ya kimo. Binti alikuwa amekisimamisha juu kama basi. Mzee hakubishana. Alinyanyuka, akachukua kijiti na kamba, akatoka uani, akaanza kupima kwa hatua. Mita 6 kwenda mbele, ndiyo bodi. Mita 3 na kidogo kwenda pembeni, ndiyo upana. Akakwangua mistari kwenye udongo, kuku wakatawanyika. Kisha akaendelea kutembea mbele ya bodi mita nyingine kama 3, akaingia kwenye migomba, akapiga kelele kutoka huko: "Mzinga unaishia hapa!"

Kifaru kizima, na mzinga ukiwa mbele, ni kama mita 9, na theluthi moja ya urefu huo ni mzinga peke yake unaoning'inia hewani. Kwenda juu, hadi kwenye kichwa, hakizidi sana mita 2 na nusu. Yaani kimelala, kimetanda, hakikusimama. Anayeanza karibu kila mara hukichora kifupi na kirefu kwenda juu, halafu mzinga anauweka mdogo kwa sababu karatasi imemwishia. Ukitaka dawa, fanya kama mzee: kama una uwanja, kichore ardhini kwa ukubwa wake. Ni mazoezi ya bure, na mwili wako unakariri vipimo ambavyo rula haiwezi kukufundisha.

Binti akapanda juu ya kigoda, akasimama kwenye kona ya ile michoro ya udongoni, kwa mshazari, mbele-kushoto ya "kifaru". Kutoka pale akaona ambacho hakuna video iliyomwonyesha vizuri: mstari wa karibu ulikuwa mrefu, wa mbali mfupi, na ile ya pembeni ilikuwa inaelekea kukutana mahali fulani nyuma ya choo cha jirani. Akachora hicho alichokiona, mistari minne tu, kwa penseli ya HB, bila kukandamiza. Halafu akainua kuta fupi za bodi. Kwa mara ya kwanza boksi likakaa chini ya ardhi ya karatasi badala ya kuelea. Kuanzia siku hiyo mzee akaacha kuuliza "cha nani".

Magurudumu yalichukua wiki nzima. Ukikiangalia kifaru kwa mshazari gurudumu si duara tena, ni duara lililobanwa, na yote ya upande mmoja yanabanwa kwa namna ile ile, ila ya karibu ni makubwa na ya mbali yanapungua. Binti alipanga sahani tano ukingoni mwa meza zikiwa zimesimama, zimeegemea matofali, akazichora asubuhi na jioni. Mama yake akauliza sahani zinaumwa nini. Gurudumu la kweli la T-54 lina kipenyo cha sentimita 81, fikiria sinia kubwa la pilau ya shughuli, na ukiona unalichora dogo kama la baiskeli ya mtoto, futa. Kisha kuna siri moja ambayo mzee aliisisitiza mpaka akagonga meza: gurudumu la kwanza na la pili yameachana. Kuna uwazi pale kuliko kati ya mengine. Mtu asiyejua atayapanga sawasawa kama meno, na mtu anayejua atamgundua papo hapo.

Halafu minyororo. Hapa ndipo uzito ulipo, na kusema ukweli hapa ndipo michoro mingi ya mtandaoni inakufa. Watu huchora mnyororo umenyooka juu ya magurudumu kama mkanda wa suruali mpya. Vifaru vingi vina vigurudumu vidogo juu vya kuubeba mnyororo. T-54 haina. Mnyororo wake unatoka kwenye gia yenye meno kule nyuma, unapita juu ya magurudumu yenyewe, na kwa sababu ni chuma kitupu unalegea, unabonyea katikati ya gurudumu na gurudumu. Mzee alimpa binti kamba ya kufungia mbuzi, akailaza juu ya zile sahani. "Umeona inavyochoka?" akasema. "Ndivyo hivyo. Kifaru ukikichora kina mnyororo uliokaza, hicho ni cha dukani."

Binti akabonyeza mstari ule mahali panne. Mabadiliko ya milimita mbili tatu tu, na kifaru kikawa kizito.

Chini je, si kinazama? Wengi wanafikiri kifaru kinachimba mitaro popote kipitapo, wanakichora kimezama hadi magotini. Ile minyororo ni mipana, sentimita 58 kila mmoja, kwa hiyo mzigo unatawanyika. Kila sentimita ya mraba inabeba chini ya kilo moja. Kwenye ardhi kavu kinaacha alama za meno na vumbi, basi. Kwenye tope la kinamasi ni hadithi nyingine, na mzee alipofika kwenye tope alinyamaza. Akasema tu kwamba nyuma kabisa lazima liwepo gogo.

"Gogo la nini babu?"

Gogo zima la mti, linafungwa kwa nyuma kwa mikanda ya chuma. Kifaru kikinasa, mnashuka, mnalifunga kwa mbele likiwa limelala juu ya minyororo yote miwili, dereva anasogea taratibu, gogo linavutwa chini ya tumbo, kifaru kinalipanda na kutoka. Barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala inakatiza kinamasi pale Lukaya, na Machi 1979 palipiganwa pale vita kubwa. Mzee alilielezea gogo kwa mikono yote miwili, akivuta hewani vile vyuma viwili vya kuendeshea (kifaru kile hakina usukani, kina mikono miwili, unavuta wa kulia kinakata kulia), akasimama katikati ya maelezo, akaomba maji.

Usiku ule hakulala. Mama yake binti alimkuta saa tisa amekaa kwenye kigoda uani, ndani ya ile mistari ya udongoni ambayo ilikuwa haijafutika.

Asubuhi mama akamwita binti jikoni. Huyu mama ni mwanamke wa mgahawa, hana maneno mengi, lakini siku hiyo aliyatoa. Akamwambia yeye amekua na baba anayepiga kelele usiku. Akiwa mdogo, miaka ya themanini, walikuwa wanalala watoto wote chumba kimoja na mama yao, na baba peke yake, kwa sababu ukimgusa amelala anakurukia. Imechukua miaka mingi kutulia. "Sasa wewe unamchokonoa kwa penseli. Akianza tena, nani atakaa naye? Wewe uko kwenye mabango yako."

Binti hakuwa na jibu, na kweli jibu hapo ni gumu. Mama hakuwa na kosa. Kuna watu wanaokwambia kumkumbusha mtu vita ni kumtibu, kana kwamba wao ndio watakaoamka saa tisa usiku. Akakunja karatasi zake, akasema basi. Zikapita wiki mbili. Juni ikaisha. Mzee akawa haulizi, anakaa barazani na redio yake sikioni, akiwekewa matone asubuhi na jioni.

Siku ya kumi na tano akamtuma mtoto wa jirani na ujumbe. Mtoto akafika kazini kwa binti, pale anapochora bango la duka la dawa, akatamka kama alivyofundishwa: "Babu anasema mmeishia gurudumu la tatu."

Binti alienda jioni, akamkuta mama yake naye yuko pale. Mzee alikuwa ameshazungumza na binti yake, walizungumza nini hakuna aliyemweleza mjukuu. Mama alisema jambo moja tu, kwamba kazi ifanyike mchana, na ikifika saa kumi na moja karatasi zikunjwe. Akaleta chai, akakaa. Tangu siku hiyo alikuwepo kila mara, anachambua maharage, hatazami karatasi.

Kikabaki kichwa. Kwa kuchora, kichwa cha T-54 ni rahisi kuliko kinavyoonekana na ni kigumu kuliko unavyodhani, sijui kama inaeleweka. Umbo ni bakuli lililopinduliwa, mstari mmoja wa upinde, umemaliza. Ugumu ni kwamba hakina kona, kwa hiyo huna mstari wa kukusaidia, ni kivuli peke yake kitakachosema hiki ni mviringo. Chukua bakuli, lipindue dirishani, taa zima. Utaona sehemu moja inayong'aa, kisha kijivu kinachozidi taratibu, kisha giza, na mwisho kabisa chini, kabla ya ukingo, mwanga hafifu unaorudi kutoka mezani. Ule mwanga wa mwisho ndio wanaoanza huusahau. Ukiuacha, kichwa kinakuwa sahani nyeusi. Tumia 2B kwa kijivu, 4B kwa giza, na usisugue kwa kidole, maana chuma kile kilimiminwa kwenye kalibu, kina ngozi ya chapati, si laini kama bati. Vidoti vidogo vidogo vinatosha.

Lakini mzee hakuweza kusahihisha kichwa. Hili lilimshangaza binti. Alimjua magurudumu, alijua kila bolti ya mnyororo, na huko juu akawa anababaika. Sababu yake ni nyepesi ukiifikiria: dereva anakaa chini, mbele, kushoto, peke yake. Vita nzima aliiona kupitia vioo viwili vidogo vya kuchungulia. Wenzake watatu walikuwa nyuma na juu yake, kamanda na mpiga mzinga upande wa kushoto, mpakia risasi upande wa kulia, na yeye aliwajua kwa sauti kwenye kofia. "Huko juu nilikuwa nasikia tu," alisema. Akaongeza kwamba sasa hivi anavyoona ndivyo alivyokuwa anaona siku zile, kitundu hivi, akacheka mwenyewe.

Ikabidi binti arudi mtandaoni kwa ajili ya kichwa, safari hii akijua anachotafuta. Akakuta mifuniko miwili juu, wa kamanda kushoto, wa mpakia risasi kulia. Akaichora yote imefungwa, maduara mawili yaliyobanwa, kama magurudumu yaliyolala. Akampelekea babu.

Mzee akaisogeza karatasi. Kushoto. Kulia. Akarudisha kushoto. Akauliza wa kulia ni upi, binti akamwekea kidole chake juu yake.

"Huo ufungue," akasema.

Mama akaacha maharage.

Mpakia risasi alikuwa kijana wa Tabora, mdogo kuliko wote, alipenda kuimba kwenye spika ya kofia mpaka kamanda amkaripie. Mzee alimtaja jina, jina kamili na la baba yake, taratibu, kama mtu anayejaza fomu. Hakusema kilichotokea wala wapi. Binti akauliza kama amchore, akisimama pale nusu kifua, kwa sababu nyuso ndizo anazozijua, na angeelezewa kidogo tu angempata.

"Hapana. Uwe wazi tu."

Kwa faida ya wanaojifunza: mfuniko uliofunguliwa ni duara moja lililobanwa ambalo ndani yake ni giza kuliko kitu chochote kingine kwenye mchoro, na bamba jembamba lililosimama nyuma yake. Lile giza lifanye kwa 6B na usilirudie mara mbili. Binti alilimaliza tarehe 22 Julai. Gogo liko nyuma, mnyororo umechoka, gurudumu la kwanza limeachana na la pili. Akaitia fremu kwa fundi wa vioo pale mjini.

Uliponing'inizwa sebuleni mama aliutazama kwa mara ya kwanza akiwa amesimama, mikono kiunoni, kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia baba yake.

"Baba, na huku juu mbona mmeacha wazi? Mvua ikinyesha?"

"Acha hewa ipite," mzee akasema, akaulizia chai yake.